Maji ya Kufikia

Bergen iliingia saluni mchana, imeegemezwa kwenye kioo kati ya kitana na chupa ya mafuta ya nywele. Dada yangu Henriette alikuwa ametua katika mji huo wa Norwe alfajiri hiyo. Sasa alikuwa anatembea kwa miguu kuuona mji, nasi hapa mtaa wa Point, Durban, tulitembea naye ndani ya simu yangu.

Mimi habari hainilali tumboni. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshamtangazia kila mteja: dada yangu yuko Ulaya, jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishiwa huko. Kwamba majina yetu sisi yalikataliwa, hilo nililipita kama mtu anavyoruka dimbwi. Macho ya Mama yameliwa na sukari, kwa hiyo mimi, nimeketi kando yake, ndiye niliyemtazamia picha na kumsimulia.

"Nyumba ni za mbao, Mama, zimejipanga kando ya bandari kama watoto wa shule. Nyekundu, njano, nyeupe. Nyuma iko mlima umejitanda ukungu. Na barabara, safi hata ungeweza kuzilalia."

"Kulala barabarani angelala hata hapa," alisema Libérate, mwenye saluni, vidole vikiendelea kusuka. "Tena bila tiketi ya ndege."

Tulicheka. Mama hakucheka. "Wamempa maji?"

Bibi aliyemlea Mama alishika neno moja: mgeni hajafika mpaka mwenyeji ampe maji kwa mkono wake, siku ileile ya kwanza. Bila hivyo, hata ale, hata alale, yeye ni mpita njia, na njia itamdai.

"Henriette," Mama aliinamia sauti, "kuna mtu amekukaribisha maji?"

"Mama, huku maji iko kwenye bomba."

"Bomba si mtu."

Basi Henriette akaenda kutafuta. Sokoni, muuza samaki alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwonyesha friji. "Anasema ninunue," Henriette alinong'ona. Bibi mmoja mwenye mwavuli alitabasamu, akamwelekeza kwenye bomba la ukutani, akashika njia yake. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Hata wa kumkasirikia tulimkosa.

Mvua ilianza kumpiga usoni. "Mama, nimechoka. Niseme tu nimepewa?"

"Usiseme."

Picha ikaganda, mdomo wa dada yangu wazi, kisha ikazima. Kioo kikabaki na sisi.

"Atapewa kesho," nilisema haraka.

"Kesho atakuwa mpita njia aliyelala."

Nami, kama kawaida yangu, mdomo ukatangulia akili. "Na sisi, Mama? Hapa Durban, nani alitupa?"

Vidole vya Libérate vilisimama. Nje, konda wa taxi aliita abiria wa Pinetown, akaita tena.

"Tulishukia stendi ya basi," Mama alisema. "Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni. Mlinzi alitwambia tusikae pale."

Nililikumbuka begi la bluu chini ya kitanda chake. Nimelifuta vumbi tangu shule ya msingi hadi nikamaliza chuo, na siku zote nguo zimekunjwa humo, hazijawahi kuhamia kabatini. Nilidhani anaisubiri Ulaya. Kumbe begi lilikuwa halijafika, kama mwenyewe.

Niliinuka. Nilijaza kikombe, nikapiga goti kwenye nywele zilizokatwa, nikampa kwa mikono miwili. "Karibu, Mama."

Alikipokea. Kidole kilizunguka ukingo wake polepole. Alikinyanyua mpaka karibu na mdomo, akakiacha hapo.

"Carmel, mwanangu. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

Ninacho Kizulu cha kutaniana na madereva. Ninayo diploma. Ninayo karatasi ya ukimbizi inayokwisha Juni. Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu usiokosa habari.

Mama alinisubiri kwa upole, kama mtu ambaye kweli hajui jibu. Kwenye kioo simu ilianza kuita tena, na kikombe kilikuwa bado hewani.