Hilo Si Letu

Ikhlas hakujua kuogelea, na alikuwa amemwambia hivyo mwongozaji wa filamu, Ustadhi Zakaria.

"Kwani nani kakwambia uogelee, bibie? Meli yenu imezamishwa. Kaa kwenye chelezo, ulie."

Basi wakasukumwa nje ya ufuo wa Marsa Matruh, yeye na Rushdi, aliyeigiza nahodha, juu ya mbao zilizofungwa kwenye mapipa matupu. Kamera ilikuwa kwenye mashua, mbali kidogo. Vita vya wageni waliopigania pwani ile vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita.

Rushdi ndiye aliyeliona kwanza: dude jeusi la mviringo lenye kutu, likielea, limeota majani ya bahari na pembe pande zote.

"Ustadhi!" akacheka. "Umetuletea hata bomu la kuigizia? Na mishahara unatuambia hakuna!"

Sauti ya Zakaria ikaja kutoka mashuani, nyembamba kama ya mtoto: "Hilo si letu."

Rushdi akaanza kurudi nyuma kwa matako, chelezo kikayumba.

"Tulia, mwanaume!" Ikhlas alimnong'oneza. "Utatuua!"

Wimbi lilileta lile dude taratibu, kama mtu asiye na haraka. Ikhlas alilala kifudifudi, akapenyeza viganja katikati ya pembe mbili, akasukuma. Chuma kilikuwa baridi, kinateleza. Likaenda, likarudi. Akasukuma tena. Mkojo ulimtoka, hata hakuona haya. Alichoogopa ni mikono yake isije ikagusa pembe zile, maana ndizo zinazolipua.

Mabaharia wa mashua walizima injini, wakapiga makasia kuzunguka hadi upande wa pili wa chelezo. Rushdi alijirusha mashuani bila kugeuka. Ikhlas hakuweza kuondoa mikono, mpaka mtu alipomshika vifundo vya miguu, akamvuta.

Alasiri askari walilipiga bomu risasi kutoka mbali. Maji yalipanda kama mnara, na chelezo kilichoachwa pale, hata ubao wake haukurudi.

"Tutaunda kingine," Zakaria alisema. "Kesho, inshallah."

"Utakaa hapo ulie mwenyewe," Ikhlas akamjibu.

Alirudi kwao Tanta kwa treni. Filamu ikamalizwa bila yeye. Ndani yake Rushdi alisema tu kwamba yule mwanamke amekufa kwa kiu. Ilionyeshwa wiki moja, watu wachache, ikasahaulika. Ikhlas hakwenda kuitazama. Kwa muda mrefu baadaye alioga kwa kopo, amesimama, mlango wazi, dada yake akiongea naye kutoka jikoni asinyamaze.