Mgeni wa Mzee Mbarouk

"Mtu hafichi mgeni, Mbarouk! Kengeja nzima tumeisikia sauti yake, na weye wasema ndani hamna mtu?"

"Hamna mtu, Bi Mwatima."

"Jana nimepita hapa, weye uko barazani na hiyo kompyuta mapajani, na huko chumbani dume zima linacheka! Au umeoa kwa siri? Maana kama yule ndiye bibi harusi, pole sana, jirani."

Waliokuwa wakipita kwenda dukani walipunguza mwendo. Mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu, naye amevaa kandambili.

Bi Mwatima alishika sahani iliyofunikwa kawa. Mtaani kwao mgeni wa nyumba moja huandaliwa na nyumba zote, na aliyemficha amewanyima wenzake haki yao. Lakini lililomuuma hasa lilikuwa jingine. Tangu Bi Time, mke wa Mbarouk, afariki, mzee huyu alikuwa akila kwake kila siku. Kisha akapata maradhi ya kupooza, akalala, akainuka, na tangu ainuke hajakanyaga tena ukumbini kwake. Akiitwa, ameshiba. Akiitwa tena, tumbo. Msikitini anakwenda kwa miguu yake. Sasa majivuno haya ameyatoa wapi?

Mbarouk alijua anachokikimbia. Sinia likitua mkekani, mikono ya kulia huliendea kwa pamoja, na wake ungebaki pajani, umelala kama kitu cha mtu mwingine. Ale kwa kushoto, mbele ya watoto wa watu? Heri mkate mkavu na mlango uliofungwa. Na kumwonesha Bi Mwatima kilichomo chumbani ni kumwonesha na huo mkono. Lakini akiiacha sahani ile irudi ilikotoka, mbele ya macho yote haya, haitakuja nyingine.

"Basi ingia ukamtazame," akasema.

Bi Mwatima akasukuma mlango wa chumba. Hapakuwa na kitanda wala kiatu. Palikuwa na meza, na juu yake redio ya upepo, ya kusemea na kusikilizia, mfano wa ile aliyokuwa akiitumia Mbarouk alipofanya kazi bandarini. Waya mmoja ulipanda mnazini. Mwingine ulipita dirishani hadi kwenye kompyuta pale barazani.

"Tazama namba zake," Mbarouk akaita kutoka nje.

Namba zikaanza kukimbia usoni pa redio.

"Bismillahi! Inajizungusha yenyewe!"

"Ni miye, huku nje. Nikigusa hapa, inageuka huko."

Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha ikatoa sauti ileile ya kicheko. Mbarouk akabonyeza, akaijibu kwa Kiingereza, ikarudi tena.

"Yuko wapi huyo?"

"Brazili. Anauliza nani anayegomba."

"Mwambie ni jirani, na chakula chake kinapoa. Pweza wa nazi!"

Ujumbe ukaenda. Kule ng'ambo mtu akacheka mpaka akakohoa, na hata yule wa kandambili akasahau kamba zake.

Bi Mwatima alitoka akifuta machozi ya kicheko. "Na miaka yote bandarini ulikuwa ukiizungusha kwa mkono. Raha gani kuendesha kitu uko mbali nacho?"

Mbarouk akauinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauachia. Ukaanguka.

"Kushika kipaza sauti na kuzungusha namba kwa mkono mmoja kulinishinda. Hija, mwanangu, ndiye aliyeniunganishia hivi, niwe nagusa kwa kushoto. Hewani hakuna anayeona unatumia upi."

Mwanamke ambaye mdomo wake ulikuwa haujui likizo aliutazama mkono uliolala, akautazama uliokuwa juu ya kompyuta, mwisho akaitazama sahani. Mbarouk akainamisha uso, akingoja pole.

Bi Mwatima akajigeuza kuelekea nyumba yake, akamwita bintiye.

"Kazija! We Kazija! Toa vijiko kabatini. Vyote! Leo kila mtu kwa kijiko chake, na asiyetaka akale kwao." Akaipachika sahani kiunoni. "Funga hicho chombo, Mbarouk, muage mwenzio. Twende kwangu tukale."