Jina Limewahiwa

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha ndoo ya maji kilianguka sakafuni, kikazunguka kidogo, kikatulia. Rahabu aliwasha tochi ya simu. Bintiye wa miaka minne alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Abee," aliitika mtoto.

Rahabu hakuwa amemwita. Alimrudisha kitandani, akamfunika kanga. Kabla kanga haijapata joto, mtoto akaitika tena.

Mtoto anaitwa Nakijwa, jina la bibi yake mzaa baba, kama Wapare wanavyorithishana. Bibi mwenyewe analima tangawizi Myamba, juu milimani, na sokoni Same watu hawaulizi kama tangawizi ipo, huuliza kama ya Nakijwa imeshuka. Ndiyo maana kwenye darasa la jioni la kompyuta, Mwalimu Clemence alipotaka kila mmoja ataje jina la tovuti anayotaka kufungua, Rahabu alisimama akalitaja hilo, kwa sauti, wote wakisikia.

"Zuri, tena fupi," alisema mwalimu. "Kalisajili haraka. Huku jina ni la anayewahi."

Rahabu alisubiri kwanza mtoto apone homa. Alipojaribu, nakijwa.co.tz ilikuwa imeshachukuliwa na Salehe, mnunuzi wa tangawizi, aliyekaa dawati la nyuma yake darasani. Alikuwa ameweka picha ya gunia, na nyuma ya gunia mlima usio wa Upare.

Tangu hapo, kila mtu anapoifungua tovuti hiyo, awe Dodoma au Dar, mtoto huitika. Mama yake akimwita kwa mdomo, hageuki.

Rahabu alimpigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama ni habari ya kuitwa, hata mimi naitwa. Jana nimeitika mpaka maharage yakaungua."

"Sasa unafanyaje, mama?"

"Naitika. Nitafanyaje?"

Rahabu akambeba mtoto mgongoni, akaenda dukani kwa Salehe, jirani na stendi. Salehe alimvutia kiti, akakipangusa.

"Shemeji, mimi sijachukua mtoto. Nimechukua jina."

"Nikimwita haitiki."

"Si ufungue tovuti? Iko wazi kwa kila mtu." Akaifungua mwenyewe kwenye simu yake, kumwonyesha.

"Abee," mtoto akaitika mgongoni.

"Umeona? Na mtandao leo unasuasua."

"Niachie hilo jina, Salehe."

"Wateja wameshalizoea, shemeji. Sasa hivi nikilibadilisha si nitawachanganya?"

Mwalimu Clemence alisema mambo ndivyo yalivyo, achague jingine, aongeze hata neno moja mbele. Rahabu akasajili nakijwawamyamba.co.tz. Aliipenda. Aliweka picha ya shamba lenyewe, na mkono wa mama mkwe ukiwa na udongo. Alipoifungua mara ya kwanza, alimtazama mtoto. Mtoto aligeuza kichwa kidogo, kama aliyetuliwa na nzi sikioni, akaendelea na mchezo wake.

Siku hizi chakula kikiiva, Rahabu hufungua tovuti ya Salehe na mtoto huja kula. Wakati wa kuoga, huifungua tena. Salehe anasema wanaoitembelea tovuti yake kutoka Same wameongezeka sana, na akikutana na Rahabu njiani humshukuru.

Jioni moja bando lilikata ugali ukiwa umeshapakuliwa. Jirani wa kumwazima simu alikuwa hajarudi. Rahabu alisimama mlangoni, akaita kwa mdomo kama zamani. Akaita tena, taratibu, akilitamka jina lote vizuri. Mtoto alikuwa uani anapanga vijiwe, akaendelea kuvipanga.

Kisha akainuka. Akajipangusa vumbi magotini, akavaa ndala zake, akageukia upande wa barabara kuu, kule mabasi ya Dar es Salaam yanakoelekea.

"Abee, nakuja."