Majongoo wa Mraba wa Saba

Jongoo bahari si mnyama wa kumpatia mtu sifa. Hana macho, hana uso, hana mbio. Hulala mchangani kama soksi iliyosahauliwa, na kazi yake ni kula mchanga na kuutoa upande wa pili ukiwa safi. Lakini Ilavenil, binti wa mwalimu kutoka Madurai, aliwapenda tangu siku alipomgeuza mmoja na kuona vijiguu vyake visivyo na idadi vikitapatapa kutafuta pa kushika. Mama yake alipoambiwa kwamba mwanawe mwenye shahada mbili amepata kazi ya kuhesabu majongoo, aliuliza kwenye simu kama tembo walikuwa wamekwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa katika hifadhi ya bahari, kwenye maji ya kina kifupi yanayozunguka kisiwa cha Poomari. Huko chini kulikuwa na miraba kumi na miwili, kila mmoja mita kumi kwa kumi, pembe zake zimechomekwa vyuma. Kila mwezi Ilavenil alizamia na kibao chake cha plastiki, akahesabu majongoo, akaandika. Alikuwa amefanya hivyo kwa miezi kumi. Mwisho wa mwezi huo kamati ya hifadhi ingekaa kuamua jambo moja tu: wanawake wa kijiji cha Theerthamunai, waliokuwa wakichuma mwani kuzunguka kisiwa hicho tangu enzi za bibi zao, waendelee kuchuma au wafungiwe. Na kamati ilikuwa ikingoja hesabu yake.

Hesabu ilikuwa mbaya, tena ya ajabu. Miraba kumi na mmoja ilikuwa inakauka. Palipokuwa na majongoo watano sasa alikuwapo mmoja, na kwingine hakuna hata wa dawa. Lakini mraba wa saba, ulioanza na watatu, sasa ulikuwa na arobaini na mmoja. Walilala wamebanana kama wageni kwenye nyumba ya harusi.

"Hapo hakuna fumbo," alisema Durairaj, afisa wa hifadhi, mtu mnene mwenye sare iliyopigwa pasi hata siku za Jumapili. "Kwenye saba wamezaana. Kwingine wameibiwa, wakauzwa kwa magendo. Na wanaoshinda majini kutwa ni akina nani? Ni hao mama zako wa mwani."

"Afande, mwizi gani anaacha arobaini na mmoja pamoja, karibu kabisa na ufuo, akaenda kumtafuta mmoja mbali?"

"Mwizi mvivu wa kufikiri. Wapo."

Jibu hilo halikumtosha Ilavenil. Alikuwa mtu ambaye akiona mlango umerudishwa nusu, hawezi kupita bila kuchungulia. Alichota mchanga wa mraba wa saba na wa mingine, akaukausha, akaupima: ni uleule. Akapima joto la maji: lilelile. Akakaa siku nzima akitazama jongoo mmoja, mgongo ukiungua kwa jua, ili ajue anatembea kiasi gani. Jongoo yule hakusogea hata hatua mbili, na Ilavenil alirudi ufuoni amebabuka shingo.

Jibu, au mkia wa jibu, lilijitokeza kwenye daftari. Siku moja akiwa anakunywa chai aliamua kujumlisha miraba yote pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu hakuna aliyemwomba. Mwezi wa kwanza: hamsini na wawili. Wa pili: hamsini na mmoja. Wa tano: hamsini na watatu. Wa kumi: hamsini na watano. Chai ikapoa. Majongoo hawakuwa wakipungua hata kidogo. Walikuwa wakihama nyumba, na jongoo hana miguu ya safari hiyo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchuma. Wanawake walishuka majini asubuhi, mashati ya waume zao juu ya sari, vidole vimefungwa matambara, vibati vimekazwa kwenye nyayo ili wapige maji vizuri. Ilavenil alivaa miwani yake, akaelea kimya karibu na mraba wa saba. Haukupita muda mrefu akamwona Nagavalli, kiongozi wao, mama wa miaka hamsini na mitatu aliyejua kuzamia kuliko kutembea. Nagavalli alikuwa anakuja moja kwa moja, na kwenye mkunjo wa sari yake palikuwa na jongoo.

Ilavenil alisahau kupiga miguu. Ndiye huyu aliyempa pa kulala mwezi wa kwanza, aliyemfundisha kuziba masikio kwa mafuta. Mwizi! Lakini Nagavalli alizama, akamtoa yule jongoo kwa mikono miwili kama mtu anayemlaza mtoto, akamweka ndani ya mraba. Akampapasa kidogo, akapanda juu kuvuta pumzi, na wakakutana uso kwa uso.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia," alisema Nagavalli, bila haya yoyote.

Walitoka wakakaa ufuoni, mbele ya chungu cha uji wa wali na samaki mkavu, na wenzake wakakusanyika. Nagavalli akaeleza kama anayemweleza mtu jambo ambalo hata mtoto analijua. Si Ilavenil mwenyewe aliyefunga kitambaa cha manjano kwenye chuma cha mraba wa saba? Walikiona wote. Na mtu akifunga kitambaa cha manjano mahali, ameweka nadhiri kwa Mama mungu; anayepita akijua haja yake, humsaidia ifike.

Ilavenil alishika kichwa. Mwezi wa kwanza boya la mraba wa saba lilisombwa na mawimbi, naye akachana pindo la mtandio wake wa manjano, akafunga ili asipapoteze mahali. Basi, ni hilo tu.

"Hawa walidhani unaomba mume," Nagavalli alisema, akiwanyooshea wenzake kidole.

"Baharini?" mmoja akadakia. "Mume gani anapatikana kule, papa?"

"Papa ni afadhali kuliko wangu, papa haombi chai!"

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Nagavalli alingoja wamalize. "Mimi nikasema hapana, huyu mtoto haombi mume. Anaomba majongoo. Nilikuona siku ile ulipompata wa tatu kwenye saba, ulicheka peke yako majini kama kichaa. Nikasema haba na haba hujaza kibaba. Kila nikikutana na mmoja, namleta. Hawa wananionyesha tu. Anayebeba ni mimi."

"Mama, kumshika jongoo ni kosa. Ni kesi. Mtu anafungwa."

"Kumchukua ndiyo kosa. Mimi nimechukua? Nimehamisha."

Ilavenil alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Aliwaeleza ilivyo: hesabu ikienda kwenye kamati kama ilivyo, itasema miraba kumi na mmoja imeibiwa, na kisiwa kitafungwa. Kicheko kikafa. Walitazamana, kisha wote wakamtazama Nagavalli, na kwa mara ya kwanza mama yule alionekana mzee.

"Kwa hiyo nimewatia njaa hawa kwa mikono yangu," alisema.

"Labda siyo. Unakumbuka uliwatoa wapi?"

Nagavalli alimtazama kama ameulizwa kama anawakumbuka watoto wake. Ilavenil akafungua daftari, akamjaribu. "Yule mwenye kovu refu mgongoni?"

"Jiwe la Mjane, upande wa kaskazini. Siku tatu baada ya sikukuu ya mavuno, Pongal."

Jiwe la Mjane lilikuwa ndani ya mraba wa nne. Ilavenil akapekua kurasa kwa vidole vya maji. Januari, kabla ya Pongal, mraba wa nne: jongoo mwenye kovu. Februari: hayupo. Akauliza mwingine, na mwingine. Jua likapanda, uji ukaganda chunguni, na wao wakaendelea. Nagavalli alitaja mawe, mifereji, siku za mwezi, sikukuu. Kati ya thelathini na wanane aliowahamisha, alisahau wawili tu, na aliona aibu kwa hao wawili. Kila aliyemtaja alilingana na pengo kwenye daftari.

Ukweli sasa ulikuwa mezani, na ulikuwa na makali pande mbili. Uliwasafisha wanawake wote wa Theerthamunai, na ulimtia hatiani mmoja.

Ilavenil hakulala vizuri siku zile. Mwishowe akaandika kwenye ripoti kwamba majongoo walihamishwa "na mtu asiyejulikana." Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika mwisho kabla ya feni ya chumba cha kamati kumaliza mzunguko mmoja.

"Mtu asiyejulikana," Durairaj alisoma kwa sauti mbele ya wajumbe wanne, "lakini jiwe linajulikana, siku inajulikana, hata kovu linajulikana. Bi Ilavenil, huyo mtu asiyejulikana alikuambia haya kwa njia ya ndoto?"



"Ni mimi, afande." Nagavalli alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sari yake ya harusini, na nyuma yake kijiji kizima cha wanawake. "Mtoto amenificha kwa sababu ana huruma. Andika jina langu. Ila hawa hawajagusa hata mmoja."

Wajumbe walishauriana kwa saa nzima. Waliwaita wachuma mwani, walipitia daftari, walimhoji Nagavalli jiwe kwa jiwe, na mjumbe mmoja mzee mwishoni aliacha kuandika akabaki kumsikiliza tu. Uamuzi ulipotoka, ulikuwa wa haki, na ndiyo maana uliuma. Kisiwa hakitafungwa. Lakini sheria ni msumeno: Nagavalli asiingie majini mwaka mzima, na ashukuru kwamba hapelekwi mahakamani.

Wenzake walishangilia nusu, kisha wakakumbuka. Nagavalli alikuwa na swali moja.

"Wale arobaini na mmoja wamebanana, afande. Mchanga wa pale wameshaumaliza, wanakonda. Nani atawarudisha kwao?"

Durairaj alikuna kidevu. Kisheria mwenye kibali cha kuwagusa alikuwa Ilavenil tu, naye hakujua jiwe lipi ni la nani.

Basi siku mbili baadaye walitoka na mashua, wanawake wawili na nahodha. Nagavalli alikaa katikati kwenye ubao, miguu ameikunja chini yake asije akagusa maji hata kwa bahati mbaya, kwa maana alikuwa ametoa neno lake. Ilavenil alizama, akapanda na jongoo, akamwonyesha ndani ya ndoo ya maji. Nagavalli aliinama, akatazama. "Mfereji wa Kasa. Kushoto kwa jiwe jeusi. Hapana, binti, kushoto kwako wewe ukizama, siyo kushoto kwangu." Ilavenil akazama tena. Pumzi ilimwishia, masikio yalimlia, alikosa mahali mara tatu, na mama yule aliendelea kumwelekeza akinyoosha mikono juu ya maji, mabega yakimcheza kila Ilavenil alipozama, kana kwamba ni yeye anayekwenda chini. Ilavenil alilia kule chini, ndani ya miwani, na akafurahi kwamba hakuna wa kumwona. Ilipofika alasiri majongoo thelathini na sita walikuwa makwao. Wale wawili waliosahauliwa waliachwa kwenye mraba wa saba pamoja na wenyeji watatu.

Ufuoni mkwewe Nagavalli, mke wa mwanawe, alikuwa anangoja na ndoo ya maji baridi, kama alivyomngojea kila siku ya kazi tangu aolewe, amwagie mama mkwe chumvi imtoke mwilini. Nagavalli aliruka kutoka kwenye mashua mpaka mchangani. Sari yake ilikuwa kavu tangu begani hadi pindoni. Mkwe aliitazama, akatazama ndoo, akabaki ameishika bila kujua aifanyeje.

"Mmwagie huyu," Nagavalli alisema, akamsukuma Ilavenil mbele. "Leo aliyezama ni yeye."