Chupa Iliyokalia Kiti cha Siwema

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa kipindi, jambo ambalo hunitokea hata nikiwa macho, kwa hiyo sikushtuka.

Nimesimama barabarani mbele ya geto letu, chumba tulichopanga, mswaki mdomoni, nasubiri bajaji. Badala ya bajaji likaja benchi. Ni lile benchi refu la mbao la ukumbi wa mihadhara, linatembea kwa miguu yake lenyewe, limefungwa kibao cha namba kwa nyuma. Lilipofika kwangu likapunguza mwendo.

"Chuo, chuo, chuo," likasema.

"Nafasi ipo?"

"Huoni? Limejaa."

Nikaangalia. Juu ya benchi hapakuwa na mtu hata mmoja. Kulikuwa na tofali, kofia, nusu andazi lililofungwa kwenye gazeti, na ndala ya mguu wa kushoto.

"Mbona hakuna watu?" nikauliza.

"Hao wamewekwa," likajibu benchi. "Wewe umewekwa na nani?"

Hapa lazima nieleze kidogo, maana kuna wengine hawajasoma chuo chetu na nawaonea wivu. Ukumbi wetu ni mdogo na sisi ni wengi. Anayewahi asubuhi anawawekea wenzake viti, na anaweka chochote alicho nacho: daftari, mtandio, jiwe. Kitu kikishawekwa, hakiguswi na mtu. Chuo hichohicho ukisahau simu dirishani unaiaga, lakini tofali likiwa kwenye kiti linaheshimiwa kama mjumbe wa nyumba kumi. Nimemwona msichana kwa macho yangu akimwambia tofali "samahani kaka" apite akakae mbele.

Mimi naweka chupa ya maji. Ni chupa ya bluu, kifuniko kimeng'atwang'atwa, na si yangu. Ni ya Siwema.

Siwema ni mwenzetu wa kikundi. Tuko watatu: Siwema, mimi, na Mbonea ninayeishi naye geto, ambaye ni kiongozi wetu kwa sababu ndiye mwenye kompyuta. Siku moja katikati ya kipindi simu ya Siwema ilitetemeka. Akaisoma, akainuka, akaiacha chupa yake kwenye kiti, akaninong'oneza, "Niwekee kiti, Ladi. Narudi sasa hivi." Tukaja kusikia kwamba mama yake ameanguka, amevunjika nyonga, na Siwema amepanda basi kwenda kwao Kondoa na ameahirisha masomo.

Mtu akikwambia umwekee kiti, unamwekea. Mimi nimeendelea kuweka. Muhula haujaisha bado, lakini watu wameanza kunitazama.

Kumpigia sijampigia. Nikimpigia nitamuuliza anarudi lini, na akisema harudi, chupa itabaki kuwa chupa.

Basi, turudi kwenye benchi. Liliponiacha nikakimbia pembeni yake, mswaki mdomoni, nikiwasalimia abiria. Tofali lilinijibu. Andazi lilijifanya limelala.

Tulipokata kona, barabara ikawa ngazi, ngazi zikawa ukumbi, na kipindi kilikuwa kimeanza. Mhadhiri mwenyewe hakuwepo. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye kiti cha mbele, nalo ndilo lililokuwa linafundisha. Lilifundisha vizuri, tena taratibu kuliko mwenye koti. Ukumbi mzima ulijaa vitu, na vyote vilikuwa vinaandika.

"Wewe uliyesimama," likasema koti. "Umewekwa na nani?"

"Sijawekwa, mheshimiwa. Nimejileta."

Ukumbi ukaguna. Mtandio mmoja ukajifunika uso kwa aibu.

"Kanuni ya chuo inasemaje?" koti likauliza.

Vitu vyote vikajibu kwa pamoja, "Kilichokalia kiti ndicho mwanafunzi!"

"Umesikia. Wewe hujakalia. Kwa hiyo wewe ni mgeni, au ni upepo. Amua, tuendelee."

Nikasema mimi ni upepo, nikaenda taratibu hadi safu yetu. Pale kwenye kiti cha Siwema ilikuwa imekaa chupa. Imevaa kitambulisho cha chuo shingoni, chini kidogo ya kifuniko, na picha kwenye kitambulisho ni ya chupa.

"Ladi, umechelewa," ikasema.

"Habari za asubuhi."

"Nzuri. Jaribio la juzi nimekupita."

Sikubisha, ni kweli. Mimi nililala.

Pembeni ya chupa alikaa kiongozi wetu, yaani ndala ya Mbonea. Ile ya kulia, nikaambiwa, inahudhuria kipindi kingine. Mbonea ni mtu wa mipango.

"Tusipoteze muda," ikasema ndala, kwa sauti ya Mbonea kabisa. "Leo tunawasilisha. Tuna igizo la redio, tuna bibi harusi, tuna gari limekwama kwenye tope. Mvua hatuna."

Hilo si la ndotoni peke yake. Hata tukiwa macho mvua hatuna. Kazi yetu ya kikundi ni igizo la redio, na mhadhiri alionya: mvua isikike, isisemwe. Akisikia mhusika anasema "Lo, mvua inanyesha," anakata alama. Mvua ilikuwa ya Siwema. Alikuwa anamimina choroko kwenye ungo, anauzungusha, anauinamisha, na wewe uliyekaa kwenye kiti kikavu unaanza kutafuta nguo zako kwenye kamba. Alipoondoka tulijaribu wenyewe. Mvua ya Mbonea ilisikika kama mtu anakaanga vitumbua. Yangu ilisikika kama mtu amemwaga choroko, na kweli nilikuwa nimezimwaga. Tuliokota jioni nzima.

"Mimi naona," ndala ikaendelea, "tumtafute mtu mwingine wa mvua. Na kiti tumpe."

"Kiti kina mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe nani?" ikauliza chupa, bila hasira. "Mwenyewe si mimi?"

"Wewe umewekwa tu. Siwema akirudi utampisha."

"Nimpishe kwa kanuni ipi?" Ikageukia mbele. "Mheshimiwa koti, aliyenikalisha hapa akirudi leo, kiti ni cha nani?"

Koti likafikiri kwa mikono yote miwili. "Kiti kilichokaliwa hakirudiwi," likasema. "Akija atakuwa upepo, kama huyo mwenzake."

Siku zote nilizokuwa nawahi asubuhi na kugombana na watu wa tofali, kumbe nilikuwa naweka mtu mwingine kwenye kiti chake. Nilikuwa nimemfungia mlango kwa chupa yake mwenyewe.

"Chupa," nikasema. "Nakuomba, simama."

"Siwezi. Nimejaa. Kitu kilichojaa kinakaa."

"Umejaa nini?"

"Unauliza? Maji ya siku ile. Alikunywa nusu, simu ikatetemeka. Hujanimwaga tangu siku hiyo. Kila asubuhi unanibeba kama yai, jioni unanirudisha dirishani. Yaliyopungua amepunguza yeye."

Hapo koti likajifanya linafuta ubao.

"Ukinimwaga," ikasema chupa kwa sauti ndogo, "nitakuwa mwepesi. Nitasimama. Lakini sasa hutakuwa na chochote cha kubeba asubuhi."

"Kiti je?"

"Kitakuwa kitupu. Mtu yeyote anaweza kukikalia. Hata yeye anaweza."

"Na asiporudi?"

"Kitakuwa kitupu," ikarudia. Chupa si watu wa kubembeleza.

Ndala ikakohoa. "Ladi, kama unamwaga, mwaga kwenye ungo," ikasema. "Angalau tupate mvua."

Ungo ulikuwa mikononi mwangu tayari. Nikafungua kifuniko kilichong'atwa. Nikamimina.

Maji ya nusu chupa hayakuisha. Yalipiga kwenye ungo, yakapanda juu ya paa la ukumbi, yakageuka, yakarudi. Kofia zikainuka zikimbie, andazi likalia "Mimi ni la ngano jamani!", koti likapandisha kola yake na kuendelea kufundisha. Mvua ikawa kubwa. Sakafu ikawa nyekundu, nyekundu ya udongo, na mabenchi yakawa uzio wa mabua, na mimi nimesimama kwenye uwanja wa nyumba ambayo sijawahi kufika.

Ni Kondoa. Sikuambiwa, lakini ndotoni mtu anajua.

Barazani amekaa mama mmoja, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Uwanjani kuna kamba ya nguo, na mtu anakimbia huku na huku anaanua.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mbona una mswaki?"

"Nimetoka haraka, mama."

"Siwema!" akaita. "Kuna kijana hapa amekuja na mvua."

"Ni Ladi huyo, mama. Wa chuoni."

"Yule wa kiti?"

Siwema alikuja na shuka begani, maji yanamchuruzika usoni, akaniangalia juu mpaka chini, kama kawaida yake akitafuta pa kuanzia kunicheka.

"Mvua ya nani hii?" akauliza.

"Ya kikundi."

"Mbonea amekubali?"

"Ndala yake imekubali."

"Haya, imetosha, inaanza kuzidi. Shika." Akanijazia mikono vibanio vya nguo. "Usidondoshe kama choroko zangu. Nilisikia."

Tukaanua pamoja. Yeye anavuta nguo, mimi napokea vibanio. Nilitaka nguo zisiishe. Nilianza kuzirudisha kwenye kamba kwa nyuma, moja moja, ili azianue tena. Alinikamata kwenye kanga ya mama yake.

"Ladi."

"Naam."

"Hiyo nimeshaianua."

"Iliona baridi ikarudi kwenye kamba."

Hakucheka. "Mbona hujanipigia?"

"Salio."

"Mwongo. Kwenye grupu la darasa unatuma vichekesho mpaka watu wanajitoa."

"Mtandao wa Kondoa..."

"Ladi."

"Niliogopa," nikasema. Mswaki ukadondoka. Ulikuwa umekaa mdomoni ndoto nzima, na neno hilo moja likautoa. "Naogopa kukuuliza kama utarudi. Nikinyamaza, unakuwa umetoka kidogo tu, umeenda kupokea simu nje, na mimi nimekuwekea kiti."

Akaacha kuanua. Mvua inapiga kwenye bati, mama barazani anajifanya anatazama kuku.

"Kiti changu kina mtu?" akauliza.

"Kilikuwa na chupa. Nimeimwaga."

"Vizuri. Nilikuwa nawaza nikirudi nitaikalia vipi." 

"Kwa hiyo utarudi?"

"Niulize kwa simu. Ndotoni mtu anaweza kujibu chochote."

Nikafungua kinywa nimwambie kichekesho, nilikuwa nacho kizuri sana cha nyonga. Akanibana kibanio sikioni.

"Hicho kikukumbushe," akasema. "Mzaha ukikuvaa, shika sikio upige simu. Haya nenda, utachelewa kipindi."

Nikaamka.

Kumepambazuka. Jua limeingia dirishani, na kwenye kizingiti chupa ya bluu imesimama ilipo siku zote, na maji yake nusu, kimya, haina kitambulisho chochote. Nikaitazama kwa muda. Haikunitazama.

Mbonea alikuwa anapiga pasi shati la kuwasilishia.

"Amka baba, leo tunaenda kuaibika pamoja," akasema. "Nimetafuta sauti ya mvua mtandaoni, imeingia na mbwa wa Wazungu wanabweka. Tutasema bibi harusi ana mbwa." Halafu akaweka pasi chini. "Sikio lako lina nini?"

"Lina nini?"

"Jekundu. Lina alama mbili, kama limebanwa. Umelalia nini?"

Nikagusa. Lilikuwa linauma kwelikweli, pale juu panapokunjika. Nikapekua shuka, nikatazama chini ya mto, nikainua godoro. Hapakuwa na kitu cha kubana, wala sisi wawili hatujawahi kumiliki kibanio. Nguo zetu tunazianika kwenye dirisha na upepo unajichukulia unayoipenda.

"Panya," akaamua Mbonea. Halafu akaniona nimeshika chupa. Akaurudia ukosi wa shati aliokwisha kuunyoosha. "Usisahau kuondoka nayo," akasema, taratibu kuliko kawaida yake. "Yule wa tofali kaanza kukizoea kile kiti."

"Leo haiendi."

Nikatoka nayo nje. Nyuma ya geto mwenye nyumba amepanda mchicha. Nikafungua kifuniko, nikamimina maji polepole kwenye shina la mwisho, lile lililodumaa. Yalikuwa maji kidogo tu. Yaliisha.

Kuna kichekesho kilinijia kuhusu mchicha kwenda chuo. Nikashika sikio. Nikatafuta jina lake kwenye simu, nikapiga.

Iliita muda mrefu, nikaanza kujipanga kusema nilikosea namba. Halafu ikapokelewa. Nyuma yake nilisikia choroko zinazunguka kwenye ungo, au mvua inapiga bati. Kwa Siwema sijawahi kuweza kutofautisha. Nikavuta pumzi nimsalimie kama mtu mwenye adabu, nimuulize hali ya mama, halafu nimuulize lile lililonipigisha simu.

Akaniwahi.

"Ladi," akasema, "sikio limepoa?"