Sindano ya Mgongo

Daktari alisema moyo wa Chepkurui usingestahimili uchungu wa kuzaa. Kwa hivyo aliletwa kutoka Kimulot hadi hospitali moja mjini Kericho, akadungwa sindano ya mgongo. Kufikia adhuhuri hakuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Alijigusa paja, likawa kama la mtu mwingine.

Moyoni ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka uliotangulia alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Tangu hapo alichuma chai, akakama ng'ombe na kwenda kanisani bila kufurahi wala kulia.

Mkunga Priscillah alimpima. "Njia imefunguka yote."

"Basi asukume!" mama mkwe akasema kutoka kando ya kitanda.

"Bado, mama. Mtoto ako juu. Wacha ashuke mwenyewe. Huyu akisukuma saa hii atachoka bure."

"Sisi tulikuwa tunasukuma tu."

"Nyinyi mlikuwa mnasikia uchungu. Yeye hasikii."

Priscillah alimlaza Chepkurui ubavu, akamwekea mto katikati ya magoti na kumlowesha midomo. Hakumwambia ajipe moyo.

Mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati, Priscillah alimwinua mgongo akaweka kiganja tumboni mwake. "Sasa. Tumbo likikaza nitakuambia. Usikaze pumzi, iachilie polepole."

"Nitajuaje kama nasukuma, sista?"

"Gusa hapa."

Aliuongoza mkono wa Chepkurui chini. Vidole vikakuta kichwa chenye nywele zilizolowa.

"Hata yule alikuwa na nywele," Chepkurui akasema.

Mama mkwe aliinamisha uso. Nyumbani hakuna aliyemtaja mtoto yule tangu azikwe.

"Alikuwa msichana?" Priscillah akauliza.

"Msichana."

"Pole, mama. Tumbo linakaza. Sukuma kidogo. Hivyo hivyo. Pumzika."

Alisukuma mahali asipopahisi, akapumzika, akasukuma tena. Hatimaye mtoto wa kiume alitoka akilia. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mtoto akalazwa kifuani mwa mama yake.

Chepkurui alingoja furaha. Haikuja.

"Sista, sisikii kitu."

"Miguu itaamka jioni."

"Si miguu."

Vigelegele vikakoma. Mama mkwe alisogea mwisho wa kitanda, akaanza kumkanda nyayo taratibu.

"Ungeniambia," akasema.

"Hamkuniuliza, mama."

Mama mkwe aliendelea kukanda. Mtoto alihangaika, akatafuta titi, akalipata. Chepkurui alimshikilia kichwa ili asiteleze.