Barafu na Chumvi

Medius alikuwa na ulimi ambao hata askari wa mpakani Mpondwe waliupisha, lakini kwa mjukuu wake ulimi huo haukufaa kitu. Mtoto alizaliwa wa miezi saba, kichwa kama chungwa, na sasa alikuwa ameacha kunyonya. Evas, binti yake Medius, alimbeba mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, akimpuliza usoni kila aliposahau kuvuta pumzi.

Musawo Rachelle, muuguzi wa kituo cha afya cha Bwera, hakumung'unya maneno. "Iko fangasi kwa damu," alisema. "Si ile ya mdomoni ya kupaka dawa. Hii inatembea na damu, na dawa tuliyompa haiiwezi. Ni hii hii imemchukua mtoto wa kitanda cha pili."

Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa upya. Hakuna aliyetaka kukitazama.

Dawa ya kuiweza ilikuwepo Kasese, kichupa kimoja tu. Nyingine mpaka itoke Kampala, na mtoto hakuwa na siku za kungoja Kampala. Rachelle akampa Medius kisanduku cha kubebea chanjo, kimejaa barafu.

"Mama, dawa yenyewe ni ya maji. Inataka baridi, lakini isigande. Baridi ya maji ya mtungini, basi."

"Nimesikia, musawo."

Na kweli alisikia. Shida haikuwa masikio.

Kwenda kulikuwa kwema. Kule Kasese alikiona kichupa kwa macho yake, maji ya manjano, akakilaza kwenye barafu na kupanda pikipiki ya Semu, bodaboda aliyemleta, kurudi. Walipofika Kikorongo, njia panda ya Katwe, tairi la nyuma likapata pancha. Jua la mbugani lilikuwa linachoma hadi kwenye meno. Semu akainama kuziba tairi, Medius akafungua kisanduku. Barafu yote ilikuwa imekuwa maji. Maji yale bado yalikuwa baridi, tena baridi ya mtungini hasa, lakini yeye aliona maji tu, na moyo ukampasuka.

Sasa hapa mnielewe vizuri. Huyu ni mzaliwa wa Katwe, amekulia miguu ndani ya ziwa la chumvi, na miaka yote amewauzia samaki Wakongo wa Beni. Kama kuna kitu alichojua duniani, ni kumfikisha samaki mbali akiwa mgumu. Barafu tupu kwake ilikuwa uvivu. Changanya na chumvi, baridi inakuwa kali maradufu, samaki anafika Butembo ukimgonga analia ko ko ko. Basi akamwendea Masereka, mchuuzi wa samaki pale njia panda, akapata barafu mpya, akaomba na chumvi.

"Si umesema ni dawa?" Masereka akauliza.

"Wewe uza samaki."

Maneno ya Rachelle aliyakumbuka? Aliyakumbuka. Lakini hofu ikishamkaa mtu rohoni, kiasi hakimtoshi tena. Kama baridi ni nzuri, kali zaidi itakuwa nzuri zaidi, alijiambia hivyo, akamwaga chumvi kiganja juu ya kiganja, akafunika na kukaza kwa kitenge. Laiti mkono ungemfa ganzi palepale.

Njia nzima alikikumbatia kisanduku. Baridi ilipenya nguo ikamfika mbavuni, naye akaifurahia.

"Semu, inauma," alisema. "Iko sawa."

Rachelle alikuwa akiwangoja mlangoni. Akafungua, akatoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga na kukiinamisha. Ndani hakikusogea kitu. Akakifumbata kiganjani mpaka pembeni pakaanza kuyeyuka, na ile manjano ikakatika mabonge mabonge, kama maziwa yaliyoharibika.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Chumvi," Medius alisema. "Ili isiharibike."

"Hii siwezi kumwekea mtoto. Itamuua kabla ya fangasi."

Rachelle alinong'ona ili Evas asisikie, na Evas hakusikia. Aliona tu kwamba mama yake amerudi na kisanduku kipo. Akamsogeza mtoto taratibu kutoka kifuani, akafunua ule mkono mwembamba penye sindano, akaushikilia tayari.

"Asante, mama," alisema. "Nilijua utafika."